Shangazi na Herufi Moja

Mimi ndiye ninayechapa maneno ya kalenda ya kuchana, ile ya karatasi moja kila siku: juu tukio la amani au haki lililowahi kutokea tarehe hiyo, chini ubeti. Beti hutungwa na mwalimu mstaafu wa meza ya pili, tunayemwita Malenga. Yeye ndiye pia msahihishaji, na husahihisha kwa vidole: mizani nane huku, nane kule, vina sawa, haya, peleka mashineni.

Mwaka huu tarehe kumi na moja ya mwezi wa tatu ilikosa tukio, nikaona nimtoe shangazi yangu kimasomaso. Zamani alikuwa mfua mashuka wa hospitali. Gazeti la enzi hizo, nililolifukua maktaba, lilisema yeye na wenzake wawili waligoma siku tisa kudai glavu, maana dawa ya kufulia iliwababua mikono. Malenga akatunga:

Kwa mashuka na sabuni, walishinda kwa mgomo,
Glavu zikaja mezani, haki haina kikomo.

Nakala elfu tatu zilipotoka ndipo nikaona nimechapa "mdomo". Malenga akahesabu upya mbele yangu, akasema kwa utulivu, "Mizani nane. Kina kiko sawa." Nilitamani kumrushia stepla.

Shangazi aliwahi kumrudia fundi cherehani mara nne kwa ajili ya kifungo kimoja. Na kumwambia mama mtu mzima kwamba ana mdomo si sifa, ni tusi. Nilitaka kumpa heshima, sasa nilikuwa nampelekea matusi yaliyopigwa chapa. Nilikwenda kwake na karatasi ya siku hiyo mkononi.

Alivaa miwani, akasoma, akarudia. Nikamuwahi. "Nisamehe, Shangazi, kidole kiliteleza. Ilikuwa mgomo."

"Nani kakwambia tuligoma?"

"Gazeti."

"Yaani ulikwenda kuliuliza gazeti, na mimi nipo hapa nakula na kulala."

Nikavuta kigoda, nikaketi.

"Tungegoma, wagonjwa wangelalia nini?" alisema. "Tulifua kila siku. Tunafua, tunasema. Bwana mkubwa wa hospitali akipita asubuhi tunamsema, akipita mchana tunamsema. Siku ya tisa akaleta glavu mwenyewe, apate kupumua. Mgomo ni neno lake. Alilipeleka gazetini ili apate sababu ya kutufukuza, na akatufukuza."

Niliona haya. Miaka yote hiyo ukoo mzima tulimwita mgomaji, tukidhani tunamsifu. Yeye akanifanya nisome ubeti kwa sauti, na nilipofika kwenye "mdomo" akacheka mpaka akavua miwani afute macho.

"Hapo hapo," alisema. "Usiguse hata nukta."

Kisha akaikunja karatasi mara mbili.

"Wale wenzangu wamekufa wakiitwa wagomaji. Niletee nyingine mbili, niwapelekee watoto wao. Wajue mama zao siku zile walikuwa kazini."