Kofi la Setti

Benaouda alikuwa na desturi ya kula karantika ya moto, yaani mkate wa unga wa dengu, iliyojaa kitunguu saumu, muda mfupi kabla ya pazia kufunguliwa. Setti, aliyeigiza mmoja wa wake zake jukwaani, alibana pumzi kila alipokumbatiwa. Mchana alitengeneza nywele za watu, jioni aliigiza, na kwa kuipenda michezo ya jukwaani ya mji wao wa Mostaganem alivumilia hata mate ya Benaouda yaliyomrukia usoni.

Mchezo ulikuwa wa kuchekesha: bahili, aliyeigizwa na Benaouda, anajificha kabatini wake zake wawili wasimwone. Siku ya kwanza ukumbi ulijaa, lakini hakuna aliyecheka. Benaouda alianza kuloa jasho. Akatazama chini, kwenye kishimo kilicho mbele ya jukwaa.

Humo alikaa Charef, muuza mikate, ambaye jioni kazi yake ilikuwa kuwanong'onezea waigizaji maneno waliyoyasahau. Kigugumizi chake kilijulikana mji mzima, ila akinong'ona, maneno yalimtoka bila kukwama.

"M-m-mke wangu," Benaouda akasema, kapinda mdomo, kakodoa jicho, "n-n-nipe m-m-mkate!"

Ukumbi ukalipuka. "Charef huyo! Wallahi ni yeye!" mtu akapiga kelele.

Setti akatupa jicho kishimoni. Charef, kitabu mikononi, alikuwa akinong'ona sentensi inayofuata, maana Benaouda alishaisahau.

Benaouda alipomjia amkumbatie, mdomo umelowa, Setti alimzaba kofi la kweli.

"Mwenzako anakulisha maneno, nawe unamtemea!"

Watu wakacheka mpaka wakapiga viti. Walidhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa.

Nyuma ya pazia, Bendehiba, kiongozi wa kikundi, alimpokea Setti mikono wazi. "Dada, kofi hilo hatuliachi! Kesho vilevile. Na kigugumizi kibaki."

"Kesho mtafute mwingine."

"Acha hizo. Charef mwenyewe hajanuna. Au umenuna, Charef?"

"S-si kitu," Charef akasema. "W-watu wamecheka."

"Si unaona?" Benaouda akadakia, akijifuta rangi shavuni. "Nimempa umaarufu wa bure!"

Setti alimfuata Charef hadi mlangoni.

"Kaka, usirudi humo."

"N-niende wapi, dada? Huku nje h-hakuna anayeningoja nimalize sentensi. Mle shimoni nazimaliza."

Setti alipofika nyumbani alinawa uso kwa sabuni, akanawa tena, na bado alisikia harufu ya kitunguu saumu.

Hakurudi. Nafasi yake alipewa msichana mwingine, na mchezo ukaendelea kujaza ukumbi, Charef akiwa palepale kishimoni. Setti alizipata habari saluni. Mteja mmoja, kichwa kikiwa bado na povu, alianza kuigiza, "M-m-mke wangu..."

Setti akafunga maji.

"Nyamaza," alisema, "au inuka na povu lako ukaoshwe kwingine."