Ile Inayopitiliza

...ipi sasa, maana kuna ya haraka, kuna ya kila kituo, na kuna ya moja kwa moja, na huyu binti wa jukwaani kaniuliza swali jepesi tu, “Baba, unasubiri treni ipi?”, filimbi shingoni, kibendera kwapani, na mimi namkodolea macho kama aliyeniuliza jina la babu wa babu yangu, mimi, ambaye mteja akiniletea mota iliyoungua namwambia palepale, hii imekufa, izike, wapo mafundi wa njoo kesho njoo keshokutwa, mimi hapana, mimi nanyoosha maneno, na kusuka mota sikufundishwa na mtu, nilifumua feni ya mjomba waya kwa waya nikaisuka upya, mjomba akanichapa kwanza, akanishukuru ilipozunguka, lakini hili la leo nalisuka na halisukiki... mke wangu kapiga simu asubuhi, vyerehani vinapiga kelele nyuma yake, kasema, “Shoti, safari hii nakuja moja kwa moja,” kisha simu ikakatika, basi, hayo tu, na Shoti ni mimi, jina kanipa yeye kwa hasira zangu, eti naripuka kabla mtu hajagusa waya, mtaa mzima ukalidaka, na sikumpigia tena, mtu akikwambia jambo wazi humrudii, utaonekana hukumsikiliza, na kwangu lilikuwa wazi kama jua, moja kwa moja, yaani harudi tena kule, kiwanda cha nguo kilihama naye akahama nacho, tukakubaliana ni kwa muda, muda gani hatukusema, na leo muda umekwisha, nikafagia ua, nikaondoa mota zangu kitandani, ndiyo, upande wake ulikuwa umegeuka stoo, nikavaa shati alilonishonea, kola inanikaba, nikaja napiga mluzi, mpaka geti la stesheni, mpaka kwenye ule ubao wa taa wa ratiba, nikasoma, ya haraka, ya kila kituo, ya moja kwa moja, mluzi ukanikauka mdomoni, kumbe ni jina la treni, kumbe labda kaniambia atapanda nini, si kwamba anarudi, labda keshokutwa anaondoka kama kawaida na begi lake lilelile... lakini huyu huyu mwanamke hupanda ya kila kituo siku zote, anapenda kuchungulia watu wanavyoshuka, nani kapokewa, nani kabeba kuku, anasema treni isiyosimama ni kama mtu asiyesalimia, leo kapatwa na nini, na spika inakoroma juu ya kichwa changu, “...moja kwa moja... jukwaa la kwanza... nyuma ya mstari wa njano...”, spika mbovu, ningepewa dakika chache na bisibisi ningeiponya, nikamuuliza binti badala ya kumjibu, “Ya moja kwa moja inafika hapa saa ngapi?”, akacheka, “Hiyo haifiki hapa, baba, hiyo inapita,” inapita vipi, “Inapita tu, haisimami mpaka mwisho wa reli, ukiipungia mkono umepungia upepo,” akageuka kumfokea jamaa aliyevuka mstari, “Kaka, rudi nyuma, au umechoka kuishi?”, na mimi nimebaki na huo mwisho wa reli kooni kama mwiba wa samaki, maana mwisho wa reli ni kwao, kwa mama mkwe, na mwanamke aliyeolewa hapitilizi nyumba yake kwenda kwa mama yake ila kuna jambo, na kama kuna jambo aseme, si nilimwambia tangu siku ya kwanza, mimi na wewe tusifichane, aende basi, aende, reli ni ya umma, simfungi mtu kamba... ila nitamwona? kioo kwa kioo kwa kioo, uso mmoja katika nyuso zote hizo, ataangalia upande huu au atajifanya anatafuta kitu kwenye pochi, na hili shati ataliona, si ataona nimelivaa... tulikaa benchi hili hili mara ya mwisho, ananitoa uzi kwenye kola, hajui kukaa bila kazi mkononi, akasema, “Sema neno moja tu, Shoti. Nibaki au niende?”, nikamwambia, wewe mtu mzima, unajua unachotaka, na hayo si maneno ya wazi? ni ya wazi, hakuna kona hata moja, namwachia uhuru wake, mwanamume gani angemwachia, naye akaung'ata ule uzi, akautema, akasema, “Umeona? Mtu anakupungia mkono na wewe...”, na treni yake ikaingia na breki zake, nikaona midomo tu, nikaitikia kwa kichwa kama niliyesikia, sikusikia, ikabaki inanizunguka siku zote hizi, na wewe nini, na mimi nafanya nini... unapitiliza... midomo ilibana mara moja, pa, pe, hapana, pi, unapitiliza, mtu anakupungia mkono na wewe unapitiliza, ndilo, haliwezi kuwa jingine, au naliokota kwa huyu binti na upepo wake, sijui, sijui hata moja, kama ni treni, kama ni ndoa, kama ni kwao, ila lile swali lake la nibaki au niende alinisimamishia hapa, limesimama na taa zake zote zinawaka, nami nikapita na maneno yangu yaliyonyooka, kunyooka si ndiyo hivyo, reli nayo imenyooka... simu iko kiganjani, jina lake chini ya kidole gumba, na neno alilolitaka ni fupi, baki, fupi kuliko jina langu, mbona zito kuliko mota ya kisima, baki, najaribu bila sauti, kola inanikaba, baki, na waya za juu zimeanza kuvuma, mlio huo naujua, kuna kitu kinavuta umeme huko mbali, kinakuja, ipi haijulikani, na binti amerudi, kibendera sasa kiko mkononi, “Baba, sijakusikia bado, unasubiri ipi?”, na safari hii namtazama usoni, namwambia, “Inayosimama, mwanangu. Nasubiri inayosimama,” na kidole kinashuka.