Mwenye Nyota Kifuani

Kila pipa la dawa lilipofika, msimamizi alichemsha maji kwenye birika, akalowesha vibandiko vyake vya tahadhari na kuvibandua kwa kisu cha siagi, taratibu, kama mtu anayemenya yai. Lilikuwa duka la dobi wa suti na makoti, zile nguo zinazofuliwa kwa dawa badala ya maji, na wateja walikaa karibu na mapipa. Mmoja wao aliwahi kuziona zile picha zenye mpaka mwekundu, akaondoka na suti yake ikiwa bado chafu. Tangu hapo picha zilitupwa kwenye ndoo ya taka, na mahali pake pakabandikwa picha ya ua.

Dawa ilimiminwa kwenye madumu ili ibebeke kwa urahisi. Ijumaa madumu matupu yaligawiwa wafanyakazi, zawadi ya wiki. Mpiga pasi alichukua lake, akalisuuza, akawa anawekea maji ya kunywa.

Jumatatu ndoo ya taka ilikuwa tupu, na hakuna aliyeimwaga. Kibandiko chenye alama ya mshangao kilikuwa kimemganda dobi mkononi, pale palipokuwa pakimwasha. Alikipaka mafuta, akaendelea na kazi.

Kingine kilifika nyumbani kwa mpiga pasi. Alikikuta kwenye kikombe cha mwanawe: mtu mweusi asiye na uso, kifua kimepasuka mfano wa nyota. Mtoto, waliyemwita Bonge, alikuwa amelala. Siku hizi alilala sana.

"Mama, hii imetoka wapi?" alimuuliza mama mkwe, ambaye ndiye aliyeshinda na mtoto.

"Nilitaka nikuulize wewe, mwanangu. Mimi sitoki humu ndani."

"Na mbona analala hivi?"

"Mtoto anayelala ndiye anayekua. Au ulitaka nimlize ndiyo uamini nampenda?"

Kikulacho ki nguoni mwako, mpiga pasi alijisemea. Akaanza kuunusa uji kabla Bonge hajala. Kijiko cha mtoto akawa anaenda nacho kazini, ndani ya mkoba. Mama mkwe naye akawa anaonja kila kilicholetwa na mkwewe, kisha anakaa kidogo, akisikilizia tumbo.

Kibandiko hakikujali ugomvi wao. Kilitoka kwenye kikombe kikahamia kwenye bakuli, na asubuhi moja, walipomvua Bonge nguo aoge, kilikuwa kifuani pake. Walisugua kwa sabuni, wakasugua kwa jivu. Hakikutoka. Wanawake wale wawili walitazamana juu ya beseni, kila mmoja akingoja mwenzake ainamishe macho.

Aliyezijua picha zile ni dereva wa lori la mapipa. Mpiga pasi alimfuata akiwa anashusha mzigo.

"Ya moto, maana yake inawaka," alisema dereva. "Ya fuvu, ukinywa leo tunakuzika kesho. Huyo mwenye nyota, dada, huyo hana haraka. Anaingia kidogo kidogo, kwa pumzi, kwa kinywa, anajitafutia chumba kwenye ini."

"Na dumu likioshwa vizuri?"

"Plastiki hunywa kwanza. Halafu unakunywa wewe."

Jioni hiyo mpiga pasi alilitoboa dumu kwa msumari wa moto, akamwomba mama mkwe radhi.

"Nimekusamehe," alisema mama mkwe. "Ila uji nitaendelea kuuonja."

Siku zilivyosonga Bonge alianza kulia tena, kilio kinene kinachosikika kwa jirani, na mama yake akakisikiliza kama watu wanavyosikiliza redio. Kibandiko kilipauka lakini hakikuondoka. Nesi wa kliniki alimpima akipitisha kipimo kando ya nyota.

"Hizi tunaziona," alisema. "Mrudishe, tuwe tunamwangalia."

Mpiga pasi akaenda kwa msimamizi.

"Kumbe na kwako zimefika?" aliuliza msimamizi, kama anayeulizia mvua. "Mimi nabandua tu. Zikishatoka mlangoni si zangu."

"Basi usizibandue."

"Wateja wakimbie? Utapiga pasi nguo za nani?"

Ijumaa, madumu yalipogawiwa, mpiga pasi hakunyoosha mkono. Alimshika bega mshona vifungo, mwenye watoto wanne, akamweleza yote kwa sauti ya chini. Mshona vifungo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamkagua kwa jicho la pembeni.

"Unataka niliache ulichukue wewe?"

"Sitaki hata la kwangu."

"Wewe bomba liko ndani kwako. Mimi nachota mtaa wa tatu."

Akachukua yote mawili, moja kichwani, moja mkononi. Nyuma yake vibandiko viwili vilishuka kutoka kwenye ndoo ya taka, vikamfuata vikiambaa ukuta. Mshona vifungo aligeuka, akavifukuza kwa mguu kama mtu anayefukuza kuku wa jirani. Vilirudi nyuma kidogo. Kisha mzigo ukamlemea, akapunguza mwendo, navyo vikamfikia.