Mjomba wa Getini

Shule ile ilikuwa na barua moja tu, na uombe isiingie nyumbani kwako. "Mzazi unatakiwa kufika shuleni Jumanne saa mbili asubuhi bila kukosa." Haisemi unaitiwa nini. Mzazi aliyeishia darasa la nne akisomewa barua hiyo anajiona mtoto tena, amesimama kwenye kona ya darasa, mikono kichwani. Kwa hiyo watoto wa mtaa ule hawakuipeleka nyumbani. Waliipeleka kwa fundi viatu.

Fundi viatu alikuwa na kibanda nje ya geti la shule, ubavuni mwa ukuta, mwaka wa kumi na moja sasa. Watoto walimwita Mjomba. Kwenye msumari alitundika koti la kijivu, na wala halikuwa koti la baridi, lilikuwa la ujomba. Mtoto akija na barua, Mjomba anaweka sindano chini, anavaa koti, anaingia ofisini, anasomewa mashtaka, anatikisa kichwa kwa masikitiko, anatia sahihi, anarudi kwenye soli zake. Na usidhani alikuwa mjomba wa jina tu. Akitoka huko anamkalisha mtoto kwenye kigoda, anampa vidonge vyake mpaka machozi yamtoke, halafu anamsimamia amalize hesabu zake palepale kabla ya kwenda nyumbani.

Mkewe alifariki kabla hawajajaliwa mtoto, na hakuoa tena. Wale aliowahi kuwasimamia ofisini walikuwa kumi na wanne. Asubuhi wakipita na "shikamoo, Mjomba" zao, alikuwa anashiba kwa siku nzima. Familia yake ilikuwa hiyo, hakuwa na nyingine.

Mwalimu mkuu wa zamani alikuwa mtu wa haraka, macho hayamtoki kwenye karatasi. Mwaka ule akastaafu, akaja mwingine, mama mfupi mwenye sauti ya chini na macho ya kuhesabu kila kitu. Jumanne yake ya kwanza, Mjomba akaletewa barua mbili kwa mpigo.

Ya kwanza ilikuwa ya binti wa muuza mkaa, wa darasa la tano. Mjomba akavaa koti, akaingia, hakungoja hata kuulizwa.

"Mwalimu, tumekukosea sana. Huyu mtoto namjua tangu anazaliwa, kichwa chake ni jiwe. Niachie mimi. Leo atanitambua."

"Nimekuita nimsifu," mwalimu mkuu akasema. "Anasoma vizuri kuliko darasa lote. Nataka siku ya wazazi asome mbele ya watu."

Miaka yote ile Mjomba hajawahi kuitwa kusikia sifa, na hotuba ya namna hiyo hakuwa nayo. Akashukuru, akatoka anajikwaa.

Baada ya dakika kumi akarudi kwa ajili ya kijana wa mlinzi. Safari hii alikuwa amevua koti na kuvaa kofia, akidhani imetosha. Ndipo akili yake ilipoishia siku hiyo.

"Karibu tena," mwalimu mkuu akasema. "Huyu naye ni nani kwako?"

"Mtoto wa dada yangu."

"Na yule binti?"

"Wa dada mwingine."

"Una dada wangapi?"

"Baba yetu alijaliwa, mwalimu."

Mwalimu mkuu akavuta droo, akatoa jalada, akapanga karatasi mezani moja baada ya nyingine. Sahihi ilikuwa ileile, yenye mkia mrefu. "Kumi na wanne," akasema. "Alijaliwa kweli."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mjomba iliishia kwenye meza ile. Akavua kofia, akasema yote. Alitegemea afukuzwe getini siku hiyohiyo. Lakini yule mama alikuwa na swali moja tu: "Kwa nini wazazi wenyewe hawaji?"

"Mama wa yule binti anauza mkaa," Mjomba akasema. "Saa mbili asubuhi ndiyo saa ya wateja, na anaona haya kuingia humu na kucha nyeusi. Baba wa huyu kijana ni mlinzi wa usiku, saa mbili yuko usingizini. Wengine hawajui kusoma, wanaogopa kuwekewa karatasi mbele yao. Hakuna asiyempenda mtoto wake, mwalimu. Wanaiogopa meza yako."

Mwalimu mkuu akaitazama meza. "Basi nipeleke kwao," akasema.

Mjomba akaikunjakunja kofia mkononi. Hakuwa mjinga. Akiwakutanisha hawa watu, barua zitakwenda kwa wenyewe, na yeye atabaki fundi viatu kama mafundi wengine, na watoto watapita wakiwahi kwao. Angeweza kusema hajui wanakokaa. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Akamwangalia yule kijana wa mlinzi, amesimama pembeni anakula kucha, akalimeza.

"Ngoja nifunge kibanda," akasema.

Muuza mkaa alipomwona mwalimu mkuu anakuja, alificha mikono nyuma. "Mwanangu amefanya nini?" Mwalimu mkuu akajikalia kwenye gunia la mkaa na gauni lake safi, akamweleza. Yule mama akasikiliza, kisha akaketi chini taratibu, mikono yake nyeusi usoni, akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Hajawahi kuambiwa kitu kama hicho na mtu wa shule.

Kwa mlinzi mambo yalikuwa mengine. Alitoka ndani amejifunga shuka kiunoni, usingizi machoni, na aliposikia habari ya mjomba akamgeukia fundi viatu.

"Mke wangu hana kaka. Wewe umekuwa shemeji yangu tangu lini?"

"Tangu kijana alipovunja dirisha," Mjomba akajitetea.

"Dirisha gani?"

Mjomba akajua ameharibu. Mlinzi alimtazama mwanawe aliyekuja nao, akamtazama tena Mjomba, hasira ikamwisha ikabaki huzuni. "Mwanangu avunje dirisha, aitiwe mzazi, aonywe, asamehewe, na mimi baba yake nisijue. Ulikuwa unanisaidia, au ulikuwa unaninyang'anya?"

Tangu aanze ujomba wake, Mjomba hakuwahi kulitazama jambo upande huo, na lilimwuma kwa sababu lilikuwa kweli.

Tangu hapo mikutano ikahamishwa, ikawa Jumamosi saa kumi alasiri, mkaa umeshauzwa na mlinzi ameshaamka. Madawati yakatolewa nje, ile meza ikaachwa ofisini. Barua zikaandikwa upya: unaitwa, na unaitiwa nini. Mlinzi mwenyewe akajitolea kushika ufunguo wa darasa moja kila alasiri kabla ya kwenda kazini, watoto wafanye hesabu humo. Dirisha alilitia kioo yeye na mwanawe.

Na Mjomba? Wiki sita hakuna barua. Watoto walimwamkia vilevile, lakini kigoda kilikaa kitupu. Alifurahi, na aliumia, vyote pamoja, kama mtu mwenye kiatu kipya. Usiku alijiambia, mzee, ulikuwa unashikilia vya watu, umevirudisha, lala. Halafu halali.

Siku ya wazazi ilipofika, mtaa mzima uliingia getini. Mjomba alibaki kibandani. Siku ya wazazi ni ya wazazi, akajisemea, akainamia soli.

Mara muuza mkaa akatoka mbio, kanga inamdondoka begani.

"Ingia ndani."

"Mama, mimi si mzazi wa mtu."

"Sijakuuliza hilo. Mtoto amesimama mbele na kitabu chake, amegoma. Mwalimu mkuu anamwuliza unangoja nini, anasema watu wake hawajatimia. Mimi nipo, bibi yake yupo, shangazi yake yupo. Nikamwuliza, sasa nani amebaki?"

Mjomba aliacha sindano imechoma ngozi, akamfuata. Ukumbi mzima uligeuka kumtazama. Mlinzi, aliyekuwa mwisho wa benchi la mbele, akasogea, akapigapiga nafasi kwa kiganja. Mjomba akakaa. Binti akamwona, akakohoa kidogo kusafisha koo, akafungua kitabu.

Alisoma kurasa mbili na hakukosea hata neno. Ukimwuliza Mjomba zilihusu nini, hawezi kukwambia. Hakusikia kitu, alikuwa analia tangu mstari wa kwanza.