Sista Ashuka Ziwani

Kwa ukoo wa marehemu Mansuetus lile halikuwa gari tu. Lilikuwa na jina, Sista, kwa sababu zamani lilibeba masista wa misheni ya Kigonsera kabla marehemu hajalinunua. Landrova ya kijivu, milango inalia, viti vimeshonwa kwa gunia la kahawa. Nyumba nzima ilimsema kama binti wa kuzaa: Sista kaamka vibaya, Sista ana kiu, Sista leo hataki mlima. Dereva wake alikuwa Bonifasia, binti mkubwa wa marehemu, mama wa miaka hamsini na kitu, sauti ya kwaya, na ukithubutu kumwambia gari lake limezeeka, jiandae kusikia ya kwako.

Kilema cha Sista kilikuwa kimoja. Stata ya kuwashia injini ilikufa siku nyingi, na hakuna aliyejali. Jamani, kwetu Umatengo, huku Mbinga, ni milima mitupu! Unaegesha gari likiangalia bondeni, unaweka jiwe mbele ya tairi, unakwenda kulala. Asubuhi unaondoa jiwe, gari linaserereka, unaachia klachi, gruuum, umeondoka. "Ninunue stata ya nini," marehemu alikuwa akisema, "na Mungu kanipa mlima bure?" Hendeli ya kuwashia kwa mkono nayo ilishafanywa kigingi cha kufungia mbuzi. Jiwe lilikuwa jeusi, zito, lilelile miaka yote, na kazi ya kuruka chini nalo ilikuwa ya mdogo wake Bonifasia, Vitalis, tangu akiwa hana meno ya mbele.

Sasa Vitalis huyohuyo, mtu mzima mwenye koti na simu mbili, ndiye aliyetaka Sista auzwe chuma chakavu ili banda libaki la kahawa. Bonifasia alilia, akafoka, akasusa kula. Shauri likafika kwenye sengu. Ndivyo Wamatengo tunavyofanya: ukoo unakutana kula kwa mkubwa wao, na maneno yanaamuliwa palepale, mikono ikiwa kwenye ugali. Mkubwa alikuwa baba mkubwa Othmar, kaka wa marehemu, mzee asiyependa maneno mengi.

"Umesema Mbamba Bay kuna maonyesho ya magari ya zamani," alimwambia Bonifasia. "Haya, mpeleke. Akishuka ziwani na kurudi kwa nguvu zake mwenyewe, anabaki, na nisisikie tena habari ya chuma chakavu. Akirudi anavutwa na gari jingine, Vitalis aite wanunuzi. Na wewe Vitalis utapanda humohumo, uwe shahidi."

Jumamosi ya maonyesho Bonifasia aliamka kabla ya jogoo. Alimwosha Sista hadi kwenye kucha, akavaa kitenge cha sikukuu, akaagiza jiwe lipakiwe. "Jiwe la nini ufukweni?" Vitalis akauliza. "Weka jiwe," akajibiwa. Wakaserereka, gruuum, na safari ikaanza.

Loo, ile safari! Mlima baada ya mlima, kona baada ya kona, Bonifasia akiimba wimbo wa kuingilia kanisani, mkono wake juu ya kirungu cha gia kilicholainishwa na kiganja cha baba yake. Walipoizunguka kona ya mwisho ya juu, ziwa likajitandaza lote mbele yao, la buluu, upande wa pili hauonekani vizuri. Alipiga honi bila sababu. Hata Vitalis, aliyekuwa amekunja uso tangu Mbinga, alisema, "Duh!" kisha akajikumbuka, akaukunja uso tena.

Na ufukweni, mama yangu! Magari yalikuwa yamepangwa mchangani kama wageni wa harusi. Kulikuwa na Pijo 504 nyeupe iliyotoka Songea, imeng'arishwa unaweza kujitazama na kunyoa ndevu. Kulikuwa na Bedfodi iliyowahi kubeba mahindi ya nusu ya mkoa, na vokswageni ndogo ya mgongo wa kobe iliyozungukwa na watoto wa shule. Lakini zilizotia fora ni Kombi. Zilikuwa tano, rangi za maandazi na za embe bivu, na ndani yake watu wanaishi! Kitanda kinakunjwa, jiko lipo, pazia lipo. Mwenye moja, Hamphrey, bwana mwembamba wa Njombe ambaye ndiye pia alishika kipaza sauti cha maonyesho, alimfungulia Bonifasia mlango akamwonyesha hadi kabati la vikombe.

"Unalala humu?"

"Nalala, napika, nasafiri, mama. Nyumba inanifuata."

"Na mke wako?"

"Alisema nichague, Kombi au yeye." Hamphrey akacheka. "Leo yuko pale anauza chai kutoka dirisha la nyuma."

Bonifasia alicheka mpaka akashika mbavu. Muda wote huo Sista alikuwa akinguruma mwenyewe pale mchangani, kwa maana mpango ulikuwa huo: asizimwe mpaka warudi Mbinga. Vitalis alikaa kwenye usukani mguu juu ya mafuta, amenuna, na watu wakija kupiga picha wakidhani naye ni sehemu ya maonyesho. Gwaride lilikuwa saa sita. Kila gari lingepita mbele ya watu wote, na dereva angetajwa jina. Bonifasia alishajiona. Alirudi, akamwondoa Vitalis kwenye usukani, akajiweka sawa, akanyoosha kilemba.

Hapo ndipo Kanon, kasisi wa Kianglikana, mwenyeji wa pwani ile, alipopewa kipaza sauti afungue kwa sala.

"Wapendwa, tuzime injini, tumwombe Mungu."

Pijo ikanyamaza. Bedfodi ikanyamaza. Kombi zote tano kimya. Akabaki Sista peke yake, kohokoho, kohokoho, mbele ya umati mzima ulioinamisha vichwa. Kanon akasubiri. Bonifasia, mtoto wa kulelewa na masista, mwanakwaya, na gari lenyewe linaitwa hivyo! Na isitoshe, kwao Umatengo kuzima gari si jambo. Maisha yake yote amezima gari na kuliwasha tena kwa jiwe na mteremko. Mkono ukaenda wenyewe. Akazima.

Ilipofika "Amina" akafumbua macho, akatazama mbele, akatazama nyuma. Mchanga ulikuwa umelala bapa kama meza. Hakukuwa na mteremko hata wa kuviringisha chungwa.

"Dada," Vitalis akasema polepole, "umefanya nini?"

"Nimesali," akajibu.

Gwaride likaanza. Magari yakawaka moja baada ya jingine, yakapita, makofi, vigelegele, Hamphrey akitaja majina. Wanaume kumi wakaja kumsukuma Sista. Wapi! Mchanga ulikuwa mlaini kama unga, na kila wakisukuma, matairi yanazama zaidi. Mwenye Bedfodi akajitolea kwa moyo mweupe: "Mama, nikufunge mnyororo, nakuvuta dakika moja tu linawaka."

Bonifasia alimtazama Vitalis. Vitalis aliangalia viatu vyake.

"Kuvutwa na gari ni kuvutwa na gari, dada. Nimetumwa nikaseme ukweli."

"Hata hapa? Hata dakika moja?"

"Nitaulizwa, nitajibu."

Bonifasia alikataa mnyororo. Akashuka, akakaa kwenye bampa, akaanza kulia waziwazi, bila kujificha, mama mzima na kitenge cha sikukuu. Alimlilia Sista, na kwa kweli alimlilia baba yake. Maana gari hilo likienda kwa wale watu wa chuma, litakatwa vipande, na kile kirungu cha gia kitatupwa na mtu asiyejua kiganja kilichokilainisha.

"Nani kakufia, mwenzangu?"

Aliyeuliza alikuwa mama mmoja mnene, mwenye kanga iliyofungwa kiunoni na harufu ya usipa, vile visamaki vidogo vya Nyasa, mikononi. Jina lake Dorothy, na mitumbwi miwili mikubwa iliyolala pale jirani ilikuwa yake. Bonifasia akamweleza yote, stata, mbuzi, sengu, sala. Dorothy akasikiliza mpaka mwisho, halafu akapasuka kicheko.

"Watu wa kahawa! Mnakuja ziwani na jiwe, mmeacha hendeli kwa mbuzi!" Akajifuta machozi. "Sasa sikiliza. Hao wanasukuma kwenye mchanga mkavu. Mchanga mkavu humeza. Mchanga mgumu ni ule pale, maji yanapolamba. Kila siku tunavuta mtumbwi mzito kuliko hiki kigari chako."

"Lakini wamesema asivutwe na gari..."

"Mimi ni gari?" Dorothy akamgeukia Vitalis. "Wewe shahidi, nitazame vizuri. Mimi ni gari?"

Vitalis alimtazama juu hadi chini. "Hapana, mama."

"Basi!" Akapiga kofi. "Vijana! Magogo! Kamba!"

Walikuja wavuvi, wakaja wake zao, wakaja watoto wa shule walioiacha vokswageni. Wakatandika chini ya matairi yale magogo wanayopitishia mitumbwi. Kamba nene ikafungwa mbele. Dorothy akapaza sauti, "Aje!" na wote wakajibu, "Aje huyo!" na Sista akachomoka mchangani. Aje! Aje huyo! Bonifasia alikuwa kwenye usukani, analia na kucheka kwa pamoja.

Kumbe karibu na maji ufukwe una kijiteremko. Kidogo tu, lakini magogo yanaviringika! Sista akapata mbio zake. Waliokuwa na kamba wakaruka pembeni. Bonifasia akakanyaga breki, na breki za Sista, kila mtu nyumbani anajua, zinataka kukanyagwa mara tatu ndipo zikubali. Ziwa lote likaja kwenye kioo.

"Jiwe!" alipiga yowe. "Vita, jiwe!"

Hakuwa amemwita hivyo tangu utotoni. Na Vitalis, na koti lake, na viatu vyake vya ngozi, aliruka akachomoa jiwe nyuma ya gari, akakimbia kandokando, akaingia majini hadi magotini, akalisukuma chini ya tairi la mbele. Sista akaruka kidogo, akakaa. Wimbi likaja likalamba bampa, likarudi.

Kisha ufukwe mzima ukalipuka kwa kelele kuliko za gwaride.

"Unangoja nini majini?" Dorothy akamfokea Vitalis. "Kamata kamba!"

Akakamata. Wakaigeuza pua ya Sista ifuate ufukwe, jiwe likaondolewa, na wakavuta juu ya ule mchanga mgumu wa majimaji. Aje! Aje huyo! Wakatembea, wakakimbia, Vitalis mbele kabisa, koti limelowa, anapiga kelele kuliko wavuvi. Bonifasia akaweka gia ya pili, akasema jina la baba yake, akaachia klachi.

Gruuum!

"Na wa mwisho," Hamphrey akanguruma kwenye kipaza sauti, "kutoka Mbinga, mama Bonifasia na Sistaaa!" Akapita mbele ya watu wote, nyuma amejaza wavuvi na watoto, Dorothy amekaa mbele akipunga mkono kama bibi harusi. Bonifasia alipiga honi mwanzo hadi mwisho. Alifurahi mpaka masikio yakamwuma.

Hawakuzima tena. Dorothy aliwafungia usipa, wakaagana kwa kukumbatiana, na Sista akaupanda mlima wote hadi nyumbani, taratibu, bila msaada wa mtu. Vitalis alipanda nyuma, akasema anataka kukausha suruali kwa upepo.

Jua lilikuwa linazama walipoegesha uani. Sengu ilishakaa, na Bonifasia akaitwa ndani. Maji ya kunawa yakapitishwa. Vitalis alipotia mikono, akakunja uso, akasonya. Baba mkubwa Othmar akaishika mikono ile, akaigeuza. Viganja vilikuwa vimechubuka vyote.

"Shahidi, hii ni nini?"

"Kamba, baba mkubwa."

"Kamba ya nini?"

Bonifasia alishika ukingo wa kigoda chake.

"Tuliteleza kidogo ziwani," Vitalis akasema. "Watu wakatuvuta. Watu, si gari. Na mimi nilikuwemo. Kisha ameupanda mlima mwenyewe, na sijaona gari linaloupanda mlima vile."

Mzee akaiachia mikono ile, akamega tonge. "Anabaki. Tuleni."

Bonifasia alitaka kupiga kigelegele, lakini akakumbuka jambo. Jiwe! Kwa ile furaha bila shaka waliliacha majini, na Sista kaegeshwa pale uani, pua bondeni, na breki zake zile. Alinyanyuka mbio, akaangusha kigoda, akatoka nje.

Sista alikuwa palepale. Chini ya tairi la mbele jiwe lilikuwa limekaa mahali pake, jeusi, lina mchanga mweupe wa ziwa. Ndani, kwenye kiti cha nyuma, kulikuwa na koti la Vitalis, limelowa, limekunjwa, na katikati yake limebonyea shimo la ukubwa wa jiwe, lenye mchanga uleule.

Akarudi ndani, akakaa karibu na mdogo wake. Akamega tonge, akalichovya, akamlisha, kwa sababu viganja vyake vilikuwa vinauma.