Madoa Usoni mwa Koku

Kazi ya kwanza ya Minza kila asubuhi, kabla ya kufagia uwanja na kabla ya kuinjika chai, ilikuwa kumuosha uso dada Kokugonza. Hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Alipotoka kwao Magu, na cheti chake cha darasa la saba amekikunja ndani ya kanga, aliletwa kulea mtoto ambaye wakati huo alikuwa bado tumboni. Mtoto akazaliwa katikati ya masika, hakulia. Watu walirudi kutoka hospitali mikono mitupu, na Minza akajikuta kwenye nyumba ile ya Nyegezi, juu kwenye mawemawe, mlezi asiye na wa kumlea. Hakuna aliyemwambia aondoke, hakuna aliyemwambia abaki. Akaendelea kuosha vyombo.

Kilichobaki cha ujauzito ule kilikuwa usoni. Koku, kama mumewe alivyomwita, alikuwa mwanamke wa Bukoba, maji ya kunde, mwalimu wa sekondari, na mimba ilipokua ilimchora madoa ya kahawia. Moja kwenye paji la uso. Moja juu ya mdomo, kama mtu aliyekunywa uji akasahau kujifuta. Na moja kubwa kwenye shavu la kushoto. Wanawake wenzake walimwambia yataondoka akijifungua. Alijifungua, na yakabaki.

Madoa yale yalikuwa yanamsema. Siku moja walikwenda sokoni wote wawili, na Mama Luhaga muuza dagaa akamwona tangu mbali.

"Mwangaluka, mwalimu. Naona tumbo limeshuka. Umetuletea nani?"

Koku aliinama kwenye fungu la dagaa akachambua kama vile hakusikia.

"Na kwa uso huo ni dume tu, hunidanganyi," Mama Luhaga akaendelea huku akijaza kopo la kupimia. "Mimi Luhaga alinifanya hivyohivyo, nikawa na mabaka kama chui. Baba yake akasema, sasa mimi nalala na mnyama." Wauzaji wenzake wakacheka, na mmoja akasema chui mwenyewe alikuwa huyo baba. "Haya, tutakuja kumwona. Anaitwa nani?"

"Bado," Koku akasema.

Alilipa, akageuka, akaondoka bila dagaa. Minza akazipokea. Mama Luhaga alimtazama Minza, kisha akamtazama mwalimu aliyekuwa anakwenda, na kicheko kikamwisha mdomoni. Lakini hakuuliza tena, na Minza hakumwambia. Nyumbani walikuwa wameshakatazwa.

Aliyekataza alikuwa shangazi yake Venant, mume wa Koku. Yeye ndiye aliyepokea kile kifurushi cha mtoto hospitalini, na yeye ndiye aliyekwenda kuzika pamoja na wazee wachache. Alisema mtoto ambaye hajalia haliliwi. Asiwekewe turubai, watu wasilale matanga, na mama yake asitoe machozi, maana akilia anamfungia njia yule anayefuata. Kwa hiyo hakuna jiko lililowashwa uani na hakuna mkeka uliotandikwa. Majirani wa nyumba ya tatu hawakujua kitu, waliendelea kucheza muziki wao Jumapili. Koku alikuwa na likizo yake ya uzazi kutoka shuleni, nayo ikaendelea, akikaa sebuleni mikono mapajani.

Jioni ya siku ile ya dagaa Venant alirudi kutoka bandarini, alikokuwa mhandisi, na kopo dogo la plastiki kwenye mfuko wa karatasi.

"Ni maski ya usiku," alimwambia mkewe. "Unapaka, unalala nayo, asubuhi unaosha. Yule dada wa dukani anasema uso unarudi kama zamani. Mama anakuja mwezi wa saba, Koku. Asikukute hivi. Akikuona hivyo ataanza kulia, na wewe utaanza, na shangazi ameshasema."

Hakusema kwa ubaya. Alilishika lile kopo kwa mikono miwili kama mtu aliyeleta dawa kutoka mbali.

"Sawa," Koku akasema. "Mama akija hatayaona."

Basi akahamia kulala chumba cha mtoto, kwa sababu ndicho kilichokuwa na kiyoyozi. Kilifungwa pale kabla ya masika. Venant aliogopa joto la Mwanza, lile lenye unyevu wa ziwa, lisije likamtoa mtoto vipele. Kitanda kidogo kilikuwa kimeshaondolewa, Koku akatandika godoro chini. Alisema maski inataka baridi, ukiwa kwenye joto inayeyuka na jasho inakuingia machoni. Ilikuwa kweli. Minza aliona pia kwamba chumbani mle ndimo dada alimotaka kulala tangu mwanzo, na sasa alikuwa amepata sababu ya kumwambia mumewe.

Maski ile ikipakwa ilikuwa kama ute wa bamia, inang'aa. Lakini kiyoyozi kilipuliza usiku kucha, na asubuhi ute wote ulikuwa umekauka ukakakamaa, mithili ya tope la jaruba mpunga ukishavunwa. Nje ya mlango ule nguo zilikaa kambani siku nzima na bado zikaanuliwa mbichi, chumvi ikalowa ndani ya mkebe. Ndani ya mlango midomo ilipasuka. Koku aliamka hawezi hata kusema. Minza alichovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, akakilaza juu ya uso ule, akasubiri. Alijua kusubiri. Akivuta mapema ngozi inakuja nayo. Alibandua kidogo kidogo, kuanzia kwenye taya, akipanda.

"Yanapungua?" Koku aliuliza kila mara mdomo ulipofunguka.

"Yanapungua, dada."

Hakuwa anamfurahisha tu. Aliyajua madoa yale kama alivyojua vinjia vya kwenda kisimani kwao. La kwenye paji lilianza kukatika katikati. La juu ya mdomo likabaki kivuli. Lile la shavuni ndilo lilikuwa gumu. Lilianzia chini ya jicho, likashuka likiwa pana, likajikunja kwa ndani, kisha likaisha karibu na taya kwa ncha nyembamba, kama jani la kunde lililoliwa na mdudu upande mmoja. Hata hilo lilikuwa linapauka. Ikawa Venant akila chakula cha jioni anamtazama mkewe na kutabasamu, na Koku naye anajaribu.

Hadi ile asubuhi ya wadudu.

Umeme ulikuwa umekatika tangu jioni. Koku alikuwa ameshapaka maski, na chumba bila kiyoyozi kikawa kama chungu kilichofunikwa. Akafungua dirisha lote, wavu ukiwa umetoka siku nyingi, akalala. Alisahau kuzima swichi ya taa. Karibu na alfajiri umeme ukarudi, taa ikawaka, na ziwani walikuwa wameamka wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi. Waliifuata taa. Chini ya taa palikuwa na uso umepakwa ute, na kwa unyevu wa usiku ule haukuwa umekauka hata kidogo.

Minza alipofungua mlango alidhani dada ameota manyoya. Paji, mashavu, kidevu, kote walikuwa wamenasa, vijibawa vimelala upande mmoja.

"Usifumbue macho, dada," alisema taratibu. "Usishtuke. Ni wadudu wa ziwani. Wamekufa."

"Wengi?"

"Kijiji kizima."

Koku akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha kwanza tangu Minza amjue bila tumbo. "Venant akiniona atasema maski imeniotesha ndevu," alisema, midomo ikiwa imebanwa ili wasiingie. Minza naye akacheka, akakaa chini na beseni, akaanza kuwatoa. Maji hayakutosha, ikabidi awachukue kwa ncha ya kidole, mmoja mmoja. Wengine walikuwa wadogo hata huoni mguu.

"Wanaishi muda gani hawa?" Koku akauliza.

"Nasikia siku moja tu. Wengine haifiki."

Kicheko kikaendelea kidogo, halafu kikabadilika kikiwa humohumo kooni. Minza aliona kifua cha dada kinapanda na hakishuki. Kisha sauti ikatoka. Ilikuwa nene, ya chini, si sauti ya mwalimu. Koku alilia akiwa amelala chali, machozi yakakata njia kwenye ute na kuwabeba wadudu hadi masikioni.

Venant alikuja mbio akasimama mlangoni, mswaki mkononi, povu mdomoni.

"Koku. Shangazi alisema..."

"Ulimwona?" Koku akamuuliza. Alikuwa hajafumbua macho. "Mimi walinigeuzia ukutani. Wewe ulimwona?"

Venant alifuta povu kwa kiganja. "Alikuwa ameshafungwa kwenye shuka. Sikufunua."

"Kwa hiyo hakuna."

"Hakuna nini?"

"Mtu anayeweza kuniambia alikuwaje." Akajigusa shavu la kushoto, wadudu wakabaki vidoleni. "Aliniachia haya madoa tu, Venant. Sina kingine. Na mimi kila usiku napaka dawa niyafute."

Venant alibaki pale pale. Angeweza kuingia, mlango ulikuwa wazi na godoro lilikuwa hatua mbili mbele yake, lakini alikuwa kama mtu aliyeagizwa kusimama. Mwishowe akaenda kusukutua mdomo, na Minza akasikia bomba likitiririka muda mrefu kuliko kinywa kinavyohitaji.

Kuanzia siku hiyo kopo halikufunguliwa tena. Kiyoyozi hakikuwashwa. Koku alilala na joto lake, na asubuhi aliosha uso mwenyewe kwa maji matupu, lakini bado alimwita Minza aje atazame.

"Yapo?"

"Yapo, dada."

Yalikuwepo, ila yalikuwa yanakwenda. Maski ilikuwa imeachwa na bado yalikwenda, kila siku kidogo, na Minza akafikiri labda tangu mwanzo haikuwa maski. Labda ni mwili wenyewe ulikuwa unasahau, kama maziwa yalivyokuwa yamekauka bila mtu kuyaambia. Koku naye aliliona hilo kwenye kioo. Akakumbuka kuwa alipokuwa na mimba wauguzi walimwonya asikae juani, jua linayakoleza. Basi akaanza kupanda juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba, pale unapoliona ziwa lote, akakaa bila kofia wala mtandio, uso ameuinua, kuanzia chai mpaka jua linapokuwa kichwani.

"Mwalimu, unajianika kama dagaa," jirani alimpigia kelele kutoka kwenye kamba yake ya nguo. "Utaharibu uso."

"Ndiyo," Koku alijibu.

Minza alimpelekea maji ya kunywa, akakaa naye kidogo, akashuka. Alitamani kumkataza na hakujua aanzie wapi. Kwa maana jua lilikuwa halichagui. Lilimchoma uso wote sawasawa, paji na pua na mashavu, hadi weusi wa pembeni ukayafikia madoa na kuyameza. Kile alichotaka kukikoleza ndicho alichokizamisha. Minza aliliona hilo siku nyingi kabla hajalisema, na kila alipoulizwa, jibu lilizidi kumwia zito mdomoni.

Mwezi wa saba mama yake Venant, Mama Bernadeta, akashuka stendi ya Nyegezi na mkungu wa ndizi na kahawa ya kutafuna kwenye vijaluba. Minza alimpokea mizigo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Minza? Mbona mwembamba, hawa wanakula peke yao?"

Sebuleni alimshika Koku mabega, akamsogeza kwenye mwanga wa dirisha. Alimtazama sana. Venant alisimama nyuma ya kiti, mikono imeshika mgongo wa kiti.

"Umekuwa mweusi," Mama Bernadeta alisema. "Jua la Mwanza hili. Lakini uso umetakata. Venant alinitisha kwenye simu, nikasema nitamkuta mtoto wa watu ameharibika." Akamwachia, akaketi, akafungua kijaluba. "Vizuri. Hata mtu hawezi kujua."

"Ndiyo, Mama," Koku akasema. "Karibu sana."

Aliandaa meza, akamnawisha mkwewe mikono, akamsikiliza habari za migomba na za watu wa Bukoba. Mama Bernadeta alipokwenda kupumzisha miguu, na Venant alipomsindikiza, Koku aliingia chumba cha mtoto. Baada ya muda akaita.

Minza alimkuta amesimama mbele ya kioo kidogo cha ukutani, dirisha limefunguliwa, mwanga wa ziwa unampiga shavu la kushoto.

"Wewe ndiye uliyekuwa unauosha uso huu," alisema. "Usinipoze. Bado lipo?"

Minza alisogea. Alitazama kutoka mbele, akatazama kutoka pembeni, akamgeuza kidogo kwa kidevu kama alivyozoea. Alitafuta chini ya jicho. Alitafuta karibu na taya. Palikuwa na ngozi tu, nyeusi ya jua, safi.

"Halipo, dada."

Koku aliitikia kwa kichwa. Hakulia. Alikaa polepole kwenye godoro, kama mtu anayetua ndoo iliyojaa, na Minza akapiga magoti mbele yake kwa sababu hakuona namna nyingine ya kuwa karibu. Alinyoosha kidole akakiweka chini ya jicho la dada.

"Lilianzia hapa," alisema. Akashuka nacho taratibu. "Hapa likawa pana. Hapa likajikunja, likarudi ndani. Halafu likaja mpaka hapa, likawa jembamba, likaisha."

Koku alikuwa amefumba macho.

"Rudia," alisema.

Minza akarudisha kidole juu, chini ya jicho, akaanza tena.