Udongo wa Ghorofa ya Tatu

Mtambo wa simu ulikuwa umeungua mara ya tatu tangu mvua zianze, na fundi, mama asiyekubali kushindwa na waya, alikataa katakata kufunga mwingine kabla hajajua radi inapita wapi. Wavu wa shaba unaoizunguka kebo ya simu ulikuwa mzima. Waya wa kuipeleka radi ardhini ulikuwa umekazwa barabara kwenye wavu huo. Sasa unaishia wapi? Aliufuata kwa kidole nyuma ya kabati, chini ya dirisha, hadi nje kwenye roshani ya ghorofa ya tatu. Huko ulizama ndani ya chungu cha maua.

"Baba, nani kauweka hapa?"

"Mimi, mama," mlinzi wa jengo alijibu, kifua mbele. "Fundi wa kwanza aliniachia maagizo kwamba ufukiwe kwenye udongo. Chini haukufika."

Fundi alichovya kidole chunguni, asijue acheke au alie. Udongo ulikuwa umelowa chepechepe.

"Alisema pia usikauke," mlinzi aliongeza. "Naumwagilia kila asubuhi."